Mnguruma wa Stoo ya Kanisa

Nairobi ukitaka boksi la gitaa lenye spika nne za inchi 12, usihangaike na maduka. Nenda kanisani. Sisi wapiga muziki wa metali wa jiji hili tunahesabika kwa vidole, na maboksi hayo ni adimu kutuzidi, ila kanisa lenye kwaya ya vijana halikosi moja, tena limefunikwa kitambaa cha kufumwa kama kochi la sebuleni.

Tulilolitaka ni Marshall 1960A. Mpiga gitaa wetu alikuwa amegoma kurekodi noti hata moja mpaka ijulikane lipi ni bora: hilo, au Mesa/Boogie ambalo mwenzetu alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama nchi. Marshall halikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa, kwa hiyo Mesa ndilo lililopanda mkokoteni. Lilipopita sokoni, mama mmoja wa mboga akauliza kama hiyo friji inauzwa.

Mzee wa kanisa alitupa stoo Jumamosi. Tulimwambia tunarekodi muziki wa vijana. Hakuuliza vijana wa aina gani.

Stoo yenyewe ilikuwa finyu. Marshall likaegemea ukuta wa mlangoni; Mesa likabanwa ndani kabisa, kati ya viti vya plastiki na vyombo vya jikoni. Kila boksi likapewa maiki ya SM57 puani, pale kifuniko cha katikati ya spika kinapokutana na koni. Ukiisogeza hapo sentimita mbili tu, unapata gitaa jingine kabisa. Maiki ya tatu, ya kondensa, ikakaa palipobaki nafasi, yaani huko huko kwenye vyombo, ichukue hewa ya chumba.

Kazi yangu ilikuwa kuwaudhi wenzangu kwa kusawazisha sauti. Spika za Mesa zilikuwa Celestion Vintage 30, na hizo ukizipa wati moja na kupima umbali wa mita moja, zinatoa desibeli 100. Zile G12T-75 za Marshall zinatoa 97. Desibeli tatu zinatosha kulipatia boksi ushindi wa bure, maana sikio likisikia kelele zaidi huiita uzuri. Nikapunguza, nikapima, nikapunguza tena. Mpiga besi akalala.

Mwishowe tukafumba macho. Uzi mnene ulikuwa umelegezwa hadi C, karibu hezi 65, kiganja kimeubana. Marshall likajibu safi, sauti zake za katikati zimebonyea, linachekesha kidogo kwa ustaarabu wake. Kisha Mesa. *Ngrrrraaah.* Mpiga besi akaamka.

"Mmesikia hicho chuma?" mpiga gitaa akauliza, na bila kungoja jibu akaanza mhadhara. Ni plaiwudi. Ni ukubwa wa boksi. Ni zile sauti za katikati ambazo Vintage 30 inasifika kwazo tangu 1986. Zaidi ya hayo, alisema, spika hizi zimezeeka vizuri, na kitu kama hicho hakinunuliwi. Sote tukatikisa vichwa. Mimi pia nilikiri sijawahi kusikia kitu kama kile.

Mlango ukagongwa. Mama wa jikoni ya kanisa akaingia, akatupa pole ya kazi, akachukua alichokifuata, akatoka.

Tukarudia. Mesa limekufa. Mlio upo, lakini chuma hakipo.

Mpiga gitaa akabadilisha waya. Akabadilisha fyuzi. Akailaumu stima ya mtaa. Akang'oa vali ya amplifaya ikiwa bado moto, akapuliza vidole, akatoa neno ambalo stoo ile haikuwa imelizoea. Sasa ikawa plaiwudi imepata unyevu. Ikawa spika moja imechoka, na akaanza kufungua skrubu za nyuma, huku mwenye boksi akimshika mkono na kumkumbusha bei.

Katikati ya mvutano huo mama akarudi, akaweka kitu kando ya Mesa, akajipangusa mikono kwa leso. Mpiga gitaa, kwa hasira tu, akaukandamiza ule uzi mnene.

*Ngrrrraaah.*

Macho yetu yote yakateremka pamoja hadi kwenye sufuria ya pilau, ambayo mfuniko wake wa alumini ulikuwa bado unatetemeka.

"Mama," mpiga gitaa akasema kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha mimi, "hii tunaweza kubaki nayo mpaka jioni?"

"Baki nayo, mwanangu. Nimeusikia huo mfuniko ukilia tangu asubuhi, nikajua ndivyo mnavyotaka." Akaipima sufuria kwa macho. "Lakini hii ni ya watu hamsini tu. Ngojeni niwaletee ile ya harusi."

Mpiga gitaa alikuwa ameshaanza kuitafutia maiki nafasi.