Nimelipia macho, nikapewa siti ya kipofu

Mimi tangu darasa la tano ni mtu wa miwani, namba hasi sita, vioo vinene kama kitako cha chupa ya soda, nikiivua tu kitu kikizidi shubiri moja toka puani ni ukungu mtupu. Mwaka jana nikasema basi imetosha, nikadunduliza hela nikaenda kupigwa leza.

Maumivu hamna kabisa. Wanakudondoshea ganzi, wanakutanua kope na kakitu ka waya usipepese, wanafunua kangozi kembamba juu ya jicho, halafu unaambiwa kodolea kale kataa. Ila harufu jamani! Ni ile ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa, na mbuzi mwenyewe ni wewe. Daktari anahesabu sekunde, mi nahesabu dhambi.

Asubuhi naamka naona mjusi darini mpaka vidole vyake. Ila mwanga unachoma kama pilipili, na masharti kibao, usifikiche, usitie maji machoni wiki nzima, matone kila baada ya masaa manne.

Siku hiyo hiyo nikaenda kuchekiwa, kurudi hela ya teksi imekata, nikadandia daladala ya Gongo la Mboto imejaa hadi mlangoni. Nina miwani meusi tii, napapasa papasa bomba maana jua lilikuwa linanitoa machozi, mara bibi mmoja akapaza sauti, "Jamani mpisheni kijana wa watu, haoni!" Jamaa mmoja akachomoka kwenye siti. Walahi nilitaka kukataa, lakini foleni ya Buguruni mnaijua, nikakaa.

Muda wa matone ukafika, nikageukia dirishani nikadondoshea, yakanitiririka mashavuni. Bibi akanishika bega, "Usilie mjukuu wangu, Mungu hamtupi mja wake," akanishindilia elfu mbili kiganjani. Nikapokea. Ndiyo, nikapokea, nihukumuni.

Konda akaja, nauli mia sita, nikampa elfu moja. Akaniangalia juu chini akaona leo kaokota, akanirudishia sarafu mbili, "Mia nne hiyo kaka." Mdomo ukatangulia akili:

"We konda, hii mia mbili na mia, ile mia nyingine umeibana na kidole cha mwisho naiona, na nauli umebandika pale mbele juu ya dereva naisoma toka hapa!"

Kimyaa. Hata waliokuwa wanaongea na simu walinyamaza. Yule jamaa aliyenipisha, shingo imepinda kwa paa la gari, ananitazama tu. Bibi akanyoosha mkono taratiiibu.

"Mjukuu wangu, hebu lete ile elfu mbili."

Nikashukia Banana, na kwangu ni Gongo la Mboto mwisho. Na mia yangu konda hakurudisha.