Nilivyomsaka Mla Mayai kwa Akili za Kompyuta

Mwezi wa saba, baridi la Uyole linakata masikio, mayai ya kuku wangu 16 yakaanza kuliwa bandani. Kila mchana nakuta maganda na ute umeganda kwenye nyasi. Mama, aliyekuja kutoka Tukuyu na mkungu wake wa ndizi, akasema wanakosa chokaa. Tena yai moja nilitoboe, nilijaze pilipili, mwizi atajitaja mwenyewe. Nikacheka. Mimi naandika programu, ugali wangu unatoka kwenye kusaka hitilafu.

Sisi hatubahatishi. Tunagawa nusu kwa nusu. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi zetu, ina amri yake kabisa, bisect: matoleo 1,000 ya programu, kila mara unapima lile la katikati, majaribio kama 10 tu umelikamata lililoharibu. Sasa kuku 16? Siku nne!

Nikakata banda kwa wavu: wanane huku, wanane kule, kila mmoja na uzi wa rangi yake mguuni, matokeo kwenye daftari. Jogoo nilimwacha kila asubuhi aingie upande autakao. Hatagi, hayumo kwenye jaribio.

Siku ya kwanza yaliliwa ya upande wa kulia tu. Safi. Walioonekana hawana hatia nikawatoa nje, waliobaki nikawagawa tena. Wanne. Wawili. Kazini sijawahi kukutana na hitilafu yenye adabu namna ile. Siku ya nne akabaki mmoja: yule mweusi wa kishingo, mtagaji wangu namba moja. Roho iliniuma, lakini ushahidi ni ushahidi.

Nikamchinja. Mama akampika na ndizi bila kusema neno, ila wakati wa kunyonyoa nilimwona akiugeuzageuza mdomo wa marehemu kwenye mwanga. Msafi.

Kesho yake mchana, mayai matatu chali.

Mama akaingia bandani, akatoka na jogoo kwapani, akanisogezea mdomo wake hadi kwenye miwani. Kiini kimekaukia pembeni.

"Huyu ulimpima?"

"Mama, huyu si hatagi?"

"Na yule mweusi si ndiye aliyekuwa mke wake kipenzi? Kila ulikompeleka hakumfuata?"

Nikafungua daftari. Siku zote nne, jogoo alikuwa upande wa mweusi. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake: "Haihusiani."