Ukija Diani ingia kaya, na ukiambiwa "hapa mwisho" usinune

Kila Disemba ni yale yale. Treni ya SGR inamwaga watu Miritini, Mombasa, wanavuka feri Likoni au siku hizi wanazungukia Dongo Kundu, wakifika Diani ni hoteli, bwawa la kuogelea, picha juu ya ngamia, Jumapili hao Nairobi. Bichi sina ugomvi nayo, ule mchanga mweupe na maji yaliyotulia huku ndani ya mwamba nani hapendi. Kinachoniudhi ni ule "utamaduni" wa hoteli, yaani usiku watu wako kwenye bafe wanatafuna, vijana wanachezeshwa sengenya, ngoma ya Wadigo, nusu saa hapo kando, makofi mawili matatu, kisha mgeni anarudi kwao anasema ashawajua Wadigo.

Na Kaya Kinondo iko hapo hapo, mwendo mfupi tu kusini ya hizo hoteli. Kwa wasiojua, kaya ni vile vijiji vya zamani vya Wamijikenda, Wadigo wakiwemo, vilivyokuwa ndani ya msitu, watu walihama pole pole lakini msitu ukabaki chini ya wazee kwa sababu kuna makaburi, kuna fingo, hirizi ya kulinda kijiji, limezikwa, kuna mahali pa kuombea. Mwaka 2008 UNESCO wakaziweka misitu hii ya kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo imo. Wenyewe walishaanza kupokea wageni kabla ya hapo, kwa masharti yao. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, hakuna kubusiana humo ndani, huokoti hata jani la kwenda nalo, unafuata njia unayopitishwa na mwenyeji, anakuonyesha mti huu wa tumbo, huu wa homa. Na kuna mahali utaambiwa hapa mwisho.

Sasa hapo ndipo watu huanza maneno. Nimesikia sana hii: "nimelipa, mbona nisione yote, mbona nisipige picha?" Kwani mbuga ya Shimba Hills si pia unalipa? Pale askari wa KWS, shirika la wanyamapori, anakusindikiza na bunduki mpaka maporomoko ya Sheldrick, akisema simama unasimama, akisema hapa hatupiti kuna ndovu hupiti, na yule swala palahala unaweza kumkosa siku nzima na ukatoka getini unacheka tu. Hubishani na askari. Lakini mzee wa kaya akikataza kitu kwenye makaburi ya babu zake, eti amekunyima huduma! Heshima tunayo ila tunampa mwenye yunifomu, mzee wa watu na kikoi chake tunamwona kama anatusumbua.

Na hao wazee hawakazi bure. Angalia vigango vya Wagiriama, nao ni Wamijikenda, zile nguzo za ukumbusho wa marehemu, ziling'olewa zikauzwa kwa watalii na wachuuzi wa sanaa, zikaishia makumbusho za Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na makumbusho ya Denver wakarudisha thelathini mwaka 2019, na kuna vingine bado viko huko. Hapa kwetu Kwale nako ardhi ya kaya imemegwa kwa ploti, kisiwa cha Chale, nacho kina kaya, wazee walipiga kelele na hoteli ikajengwa vilevile. Mtu aliyeona hayo yote halafu bado anakufungulia mlango, akisema huku usiingie, mimi naona amekuwa mpole sana.

Wapo watakaoniambia kaya ni ushirikina, Wadigo wengi ni Waislamu na hiyo kelele tunaisikia hata majumbani. Sawa, kila mtu na imani yake, lakini msitu huu umesimama kwa sababu kulikuwa na watu walioogopa kukata mti. Nenda upande ambao hakuna mwiko wowote uone kama kuna hata mti wa kuegemea. Bichi yenyewe ndio hivyo, eti ni ya umma, lakini kufika majini unapita kichochoro katikati ya kuta mbili za hoteli.

Kwa hivyo mkipanga safari ya shule au ya familia, tengeni asubuhi moja ya Kinondo kabla jua halijakuwa kali, vaeni viatu vya kufunika maana mizizi iko mingi, watoto waambieni mapema hakuna kuokota kitu. Na lipeni pale pale kwa wenyeji, sio kwa huyo wa bichi anayesema atawapeleka kwa bei poa. Mkitoka shukeni Gazi, akina mama wana njia yao ya mbao inayopita kwenye mikoko, ukiwaambia mapema wanakupikia samaki wa nazi, na hapo piga picha mpaka simu izime.