Mkwe Aliyepiga Magoti Mpaka Chai Ikapoa

Jimu yetu ya Mabatini ni ya uani: chuma cha dukani kimoja, vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kocha ana dawa moja ya kila ugonjwa: "Rudia." Jumatano tulipiga skwati, kuchuchumaa na kuinuka na uzito. Alhamisi nikamwambia mapaja yanawaka, akasema hiyo ni asidi imeganda, nirudie itoke. Nikarudia, na kopo akaniongezea.

Ijumaa bado nilikuwa binadamu. Jumamosi nikaamka nimekakamaa. Tunakaa juu ya mawe, na anayevijua vilima vya Mwanza anajua: kupanda ni pumzi, kushuka ni mapaja. Nilishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta wa kila jirani, huku watoto wenye ndoo za maji wakinipisha na kuniamkia kama bibi yao.

Na siku yenyewe ndiyo ya kwenda ukweni Sengerema, mara ya kwanza tangu harusi. Daraja la Kigongo–Busisi lipo tangu 2025, lakini mume wangu humtoi kwenye kivuko cha Kamanga. Nilisimama njia nzima. Viti vilikuwepo, nilijua nikikaa, nimehamia.

Sasa, Usukumani mwanamke huwaamkia wakubwa kwa magoti. Mama mkwe katoka na khanga mpya, baba mkwe yuko kwenye kiti chini ya mwembe. Nikashuka. Wala haikuwa kazi, maana nilidondoka. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akauliza ya nyumbani, ya mvua, ya safari. Tukamaliza. Akangoja niinuke. Na mimi nikangoja.

Miguu ikagoma. Ikabidi nianze salamu upya: wajomba, mashangazi, ng'ombe. Chai ikaletwa, ikapoa, nikainywa hapohapo magotini. "Huyu kafundwa," baba mkwe akasema. Mume wangu kavimba kwa fahari, hata mkono hanipi. Mama mkwe akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Aliyenusa ni wifi, mwalimu wa michezo wa sekondari. Alidhani ananong'ona, ila sauti yake imezoea uwanja wa mpira.

"Wifi, umepiga miguu siku mbili mfululizo?"

Nikaitika kwa macho.

"Nani kakudanganya asidi? Ile huondoka ndani ya saa moja au mbili. Hizi ni nyuzi za msuli zimechanika vidogovidogo, hasa ulipokuwa unashuka na uzito, na maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu. Msuli hujengeka ukiupumzisha. Uuache kama saa 48, na mgeni kama wewe hata 72. Ulikuwa unawashwa? Si ungepiga mikono! Haya, mkojo wako una rangi gani?"

Mbele ya baba mkwe.

"Ukiwa kama chai ya rangi, msuli umevunjika unaingia kwenye damu, unaziba figo. Hospitali leo leo."

Mzee akakitazama kikombe chake, akakiweka chini.

"Ni wa kawaida," nikajibu.

"Sijasikia!"

"Wa kawaida!"

Mzee akakumbuka ana ng'ombe wa kuangalia.

Wifi na mume wangu wakanishika makwapani, wakanivuta mpaka nikasimama, jasho linanitoka. Hapo ndipo mama mkwe akarudi, uso umechanua, nyuma yake mabibi watatu wa jirani.

"Nimewaletea mkwe wangu," akawaambia. "Njooni muone salamu za zamani."

Bibi wa kwanza alishavuta kigoda.