Mbolea ya bure kutoka hewani? Tupige hesabu kwanza

Kuna hoja watu wa kilimo hapa Dar wanaipenda, kwamba naitrojeni ya moshi wa magari na ya samadi ikishatua kule kwenye ukame ni mbolea ya bure, sasa mnalalamika nini wakati mkulima wa Dodoma hata urea hana hela ya kununua. Sio hoja ya kijinga. Udongo umechoka kweli, na Abuja mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana tufike kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ikifika 2015, wengi wetu hatukufika.

Ila tupige hesabu. Kwenye majangwa ya California, upande upepo unakopeleka moshi wa Los Angeles, watafiti waliona hatari ya moto inaanza kupanda naitrojeni ikifika kilo 3 au 4 hivi kwa hekta kwa mwaka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo hizo kilo 3 ni kama kilo 6 na nusu za urea, umwage kwenye ekari mbili na nusu, tena mwaka mzima! Mahindi hata hayashtuki. Jangwa linashtuka, na hapo ndo watu hawaelewi, wanadhani kidogo kwa mahindi ni kidogo kwa kila kitu.

Mvua kule ni ya kubahatisha, naitrojeni inatua kavu kavu kama gesi na vumbi, inakaa miezi mimea imelala hakuna wa kuila, halafu mvua ikipiga inayeyuka kwa mpigo. Wanaowahi ni magugu ya kigeni ya msimu, sio vichaka vya asili vilivyozoea njaa. Yakikauka yanaziba ile mianya mitupu kati ya vichaka iliyokuwa inazuia moto usitembee. Agosti 2020 radi iliwasha moto Cima Dome, kwenye jangwa la Mojave huko huko California, ikaungua miti ya Joshua, miti ya asili ya jangwa hilo, zaidi ya milioni (naitrojeni peke yake siisingizii, joto lilikuwepo).

Sawa, nyika zetu zimezoea moto, Dodoma sio Mojave. Lakini urea mkulima anaiweka karibu na shina, mvua ikiwepo. Ya hewani inatua popote, wakati wowote. Tushushe bei ya mfuko basi, moshi wa foleni ya Ubungo tusiuhesabu kama ruzuku.