Na Kupenda na Nini?

Kuna watu ukiwaambia neno wameliandika vibaya jibu lao ni moja: "Si umefahamu lakini?" Jibu hilo limekuwa kama ndimu, kila chakula linakamuliwa. Haya, tuseme nimefahamu. Nimefahamu kwa kazi gani? Nimesoma mara tatu, nimeweka kichwa upande, nimesoma kwa sauti mpaka paka wa barazani akaondoka.

Mchukue huyu kijana anayemwandikia mchumba wake saa tano za usiku: "Na kupenda." Kaacha nafasi baada ya "na". Mtoto wa watu kakaa na simu mkononi anangoja: na kupenda na nini? Na kula? Na kulala? Maana "nakupenda" ni sentensi nzima ndani ya neno moja: yumo anayependa, yumo anayependwa, na wakati wenyewe umo. Ukiikata, "na" inakuwa ile ya wali na mchuzi, na "kupenda" inabaki inaning'inia. "Ni kuletee?" ndiyo hayo hayo. Ni kuletee, au si kuletee?

Kipimo chake hakitaki chuo kikuu. Kitamke kipande chako peke yake mbele ya muuza duka. Ukimwambia "nime" atakungoja umalize, basi "nime" haina haki ya kukaa peke yake, ibandike: nimechelewa. Ukimwambia "sababu" atakuuliza sababu gani, kwa kuwa hilo ni neno zima. Ndiyo maana "kwa sababu", "kwa ajili" na "kwa hiyo" kila moja ni maneno mawili. "Na" na "ni" ndizo zenye ujanja, kwa vile zinaweza kusimama zenyewe. Hapo badilisha mtu: ingekuwa anayependa ni yule jirani, si ungeandika "anakupenda"? Basi hiyo "na" yako ni wewe mwenyewe umejificha, usiitenge. Lakini watu wamekaza kinyume, pa kuunganisha wanakata, pa kukata wanaunganisha: "Kwasababu nime chelewa." Fundi kashona shingo ya kanzu ikafungika, bega kaliacha wazi.

Na hawa wa "xaxa". Ile ya zamani mimi sina ugomvi nayo, ilikuwa na hesabu yake. Kwenye simu za vitufe S ilikaa kwenye 7, ya nne baada ya P, Q na R, kwa hiyo "sasa" ilitaka ubonyeze mara 10. X ilikaa kwenye 9, ya pili baada ya W: "xaxa" mara 6 tu, kidole kikapumzika. Tena ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, ukizidisha unalipia wa pili. Mtu alibana kwa dhiki. Leo S na X zote ni mguso mmoja, bando lipo, na mtu anakurushia sauti ya dakika nne kukueleza kwamba hana muda wa kuandika "sasa".

Upande wa pili wako wanaojitia ufasaha. Sisi wa Visiwani tunajivunia dh, th na gh zetu, basi mtu akiogopa kuonekana mshamba anazimwaga hata pasipotakiwa. Bango hilo: "Tunauza thamani za ndani." Samani ni makabati na makochi. Thamani ya ndani ni ile unayobaki nayo hata ukilala kwenye mkeka. Anayetafuta kitanda hajui kama aingie na fedha au aingie na udhu. Au "dhana za uvuvi". Zana ni nyavu, madema na mishipi. Dhana ni kuwaza. Mvuvi usimuuzie dhana, anazo tele, kutwa anadhani kesho bahari itatulia.

Mengine yanahukumiwa bure. Mtoto akiandika "skuli" anatokea mtu kumpigia mstari mwekundu, na Wizara ya Elimu ya Zanzibar yenyewe huandika skuli. "Nshafika" kwa mama yako ni sawa, na yeye ndivyo anavyosema; kwenye barua ya kuomba kazi weka "nimeshafika". Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. (Mpemba usimkumbushe hilo wakati anakula.) Tukapewa cheo, na tokea hapo tumeona sheria za kuandika ni za wageni, mwenye mji haulizi njia.

Herufi moja inapouma khasa ni kwenye majina. Hapa mtu ana matatu, lake, la baba na la babu, kwa hiyo nafasi za kukosea nazo ni tatu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli kinasema Hamis, kitambulisho kinasema Khamisi. Kwa macho ya karani hao ni watu watatu, na aliyekuja dirishani ni mmoja. Dawa yake hati ya kiapo: uende kwa wakili, uape kwamba wote hao ni wewe, ulipe, igongwe muhuri, utoe kopi, urudi kwenye foleni. Aliyeiacha ile K alibana wino wa nukta moja. Fomu ijaze kwa kunakili kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa, si kutoka kichwani, na kabla ya kutia saini lisome jina herufi moja moja ukianzia mwisho, kwa sababu jina lako mwenyewe jicho hulipita mbio. Fatma na Fatuma, Salim na Salum, usimwachie karani akuchagulie.

Kadi za harusi ndiyo balaa lenyewe. "Mnaalikwa kwenye kalamu itakayofanyika mahari pa kawaida." R na L zimebadilishana viti. Wageni waje na madaftari, na bwana harusi ajitayarishe kutoa upya. Kadi 300 zimeshachapwa, mchapaji anatoa sampuli yenye saini ya mjomba, na mjomba alitazama tarehe tu. Sampuli mpe mtu asiyehusika na shughuli, aisome kwa sauti, kidole kwenye mstari. Tena alitazame na neno "usiku". "Ijumaa usiku" kwa kijana ni Ijumaa baada ya Isha. Kwa bibi siku huanza jua likizama, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia. Bibi atafika Alkhamis, kavaa, kajifukiza udi, kakuta mlango umefungwa. Andika "Ijumaa, usiku wa kuamkia Jumamosi" na tarehe yake pembeni, kila mtu alikute biriani likiwa moto.

Na hili la ukutani ndilo lililonishinda. Mtu kanunua rangi nyekundu, kapanda ngazi, kaandika kwa herufi za dhiraa: "NI MARUFUKU KUTOTUPA TAKA HAPA." Ukitaka marufuku, kitenzi kiache kama kilivyo: ni marufuku kutupa. Ukitaka kukanusha, marufuku iache nyumbani: usitupe. Yeye kavitia vyote viwili, kimoja kikamla mwenziwe, amri ikageuka. Na watu wa mtaa ule ni watiifu, jaa limeshafika dirishani.