Lori inachemka ama ni mimi nachemka?

Jamani hii lori itanitoa roho. Ni ya 1994, inabeba waru kutoka Molo kuleta Nakuru, na wiki mbili sasa kila nikigonga shimo pale karibu na Salgaa mshale wa temprecha unaruka H, upande wa moto, na mimi naegesha mbio nikijua injini imeenda, nainua kabini, hakuna mvuke, maji yako pale pale, rejeta imetulia kama ng'ombe anacheua.

Fundi wa kwanza hakuinua hata kabini. Alisikiliza muungurumo kidogo akasema hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua, leta 15,000. Nikamuuliza, umeona mapovu kwa rejeta? Oili imegeuka chai ya maziwa? Akaninunia. Wa pili aling'oa thamostati, ile vali ya kuzuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto, ati hiyo ni ya nchi za baridi. Baridi gani tena na Molo asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni bila sigara! Wa tatu, mzee mmoja hivi, angalau alibadilisha kifuniko cha rejeta, akanieleza huku kwetu juu maji huchemka kwa digrii kama 94, si 100, kwa hivyo kifuniko kikishindwa kushika presha lazima maji yamwagike. Huyo nilimpa heshima zake. Lakini mshale bado ulikuwa unacheza isukuti.

Sasa jana saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kukata masikio, nimezungusha ufunguo tu, stata sijapiga, mshale huooo, H! Injini imelala usiku mzima! Taniboi wangu, ambaye kazi yake kubwa ni kusinzia juu ya magunia, akaniuliza, "Mdosi, imechemka aje na haijaamka?" Akaingiza mkono huko nyuma akashika waya ya sensa ya temprecha, ile inapelekea mshale habari, imechubuka mpaka kopa inaonekana, inalalia chuma ya injini. Akaivuta kando, mshale ukashuka. Akairudisha, ukapanda. Akarudia mara nne hivi, anacheka, mimi sicheki. Tukafunga na teipu nyeusi ya shilingi 50.

Saa hii mshale hautoki C, upande wa baridi, bila thamostati injini haipati joto haraka, asubuhi inakohoa moshi mweupe na kufyonza dizeli. Nikarudi kwa yule wa pili kudai thamostati yangu. Ati alishaiuza skrapa, lakini ako na ingine safi, 2,500.